Aliyeacha Sufuria Akabeba Mabehewa

Siku vita ilipoingia Buleusa, kila mtu alikimbia na kitu chenye akili. Mwenye mbuzi alivuta mbuzi. Mwenye mtoto mchanga alimfunga mgongoni na kujitwisha godoro. Hata kichaa wa sokoni alionekana kwenye njia ya Pinga akiwa na jembe begani, na jembe ni kitu cha maana. Papa Paul, mwanaume mwenye mvi, baba wa watoto, muimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa, alitoka nyumbani kwake amekumbatia kitunga cha mabehewa.

Tuseme wazi, asiyeyajua asije akafikiri ni mali. Yalikuwa mabehewa ya treni ya mizigo, ya aina ile iliyokokotwa zamani na mashini za kuni na moshi, lakini madogo. Lililo refu kuliko yote halikuzidi mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Mwili wa mti mgumu, magurudumu ya mti, ndoana za waya. Paul mwenyewe alikuwa ameyachonga. Na treni haijafika Buleusa tangu Mungu aumbe dunia, wala hakuna anayeingoja.

Mke wake, Mama Euphrasie, mama wa binti yao Solange, alilijua jambo hilo jioni ya kwanza, porini, alipokoka moto. Alikuwa na sombe, majani ya muhogo yaliyochumwa njiani, na unga uliofungwa kwenye pembe ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Yeye alikuwa amebeba godoro na mtoto. Sufuria alimwachia mume.

"Papa Solange, leta sufuria."

"Imebaki."

"Imebaki namna gani?"

"Mikono iko mbili tu, Mama Solange."

Euphrasie akatazama kitunga kilichokuwa katikati ya miguu ya mume wake. Akafunua kitambaa. Akafunika tena polepole, kama mtu aliyefunua choo.

"Kumbe leo tutakula vago," akasema.

Vago ndivyo Paul alivyoyaita mabehewa yake, na ndivyo walivyoyaita Kindu alikozaliwa. Euphrasie alilitamka neno lile kana kwamba ni jina la ugonjwa. Jioni ile walikula unga mkavu, na sombe ikatupwa. Ile sufuria ilikuwa ya mahari yake, nzito, yenye sikio moja, kwa maana sikio la pili lilivunjika siku ya ubatizo wa Solange na halikutengenezwa. Watu wote wa Buleusa waliijua. Waliazimana kwa sherehe. "Leta ile ya sikio moja," walisema, na ilitosha.

Paul hakuona haya. Hapo ndipo Euphrasie aliposhindwa naye. Mwanaume akikosea na kuinamisha kichwa, unaweza kumsamehe na kula. Paul alikosea na kuinua kidevu.

Kidevu kile alikitoa kwa baba yake. Baba aliondoka Buleusa kijana, akaenda Kindu kutafuta kazi ya reli, akaipata: mfunga breki wa treni za mizigo. Mfunga breki hakukaa mbele pamoja na moto na heshima. Alikaa nyuma, peke yake, ndani ya kibanda kilichobandikwa kwenye behewa la mwisho, na usukani wa chuma mbele ya kifua, akisikiliza filimbi imwambie kaza, imwambie legeza. Basi mtoto Paul alipokwenda stesheni kumpokea baba, treni aliijua kwa mkia. Mashini ilikuwa imeshapita na cheche zake. Kilichosimama mbele ya macho yake ni mabehewa: lile la milango ya kuteleza, lenye pamba, lile lililo wazi juu, lenye magunia, lile tupu la magogo, lile la mviringo la mafuta ya mawese, na mwishoni kibanda, na mlango wa kibanda, na baba akishuka na uso mweusi kwa masizi, akiwatazama watu wa stesheni kana kwamba wao ndio waliochelewa.

Reli ilipochoka, baba naye alichoka, akafa. Mama yao aliwarudisha watoto Buleusa kwa miguu, Paul na mdogo wake Patient. Patient alijifunza kutega wanyama na kupendeza watu. Paul alilima muhogo, aliimba kanisani, alioa, na alidharau.

Alidharau pikipiki na vijana wanaozipanda. Alidharau wale wanaosema wamesafiri kumbe walifika Goma tu. Alidharau treni za abiria, ijapokuwa hapakuwa na mtu wa kumtetea abiria Buleusa nzima. "Abiria ni nini?" aliuliza. "Abiria ni muzigo yenye kunungunika." Hata mashini yenyewe aliidharau. Miaka yote ya kuchonga hakuchonga mashini hata moja. Solange, binti yake, alipokuwa mdogo alimuuliza sababu.

"Mashini ni makelele," baba akamjibu. "Kazi inafanywaka na vago."

"Treni bila mashini," Euphrasie alisema kutoka jikoni. "Ni kama jogoo bila kichwa. Inakimbia wapi?"

"Mama Solange, pika."

"Na nini? Mafuta umeyamaliza mu magurudumu."

Alisema kweli. Kila Jumapili baada ya ibada, watu wakipumzika, Paul alishusha kitunga, akachovya kitambaa katika mafuta ya mawese na kuyapaka mabehewa moja baada ya jingine ili mti usipasuke. Mafuta ya kula! Alitoboa matundu ya magurudumu kwa waya wa moto, akapitisha vyuma vya gurudumu la baiskeli. Lile la mafuta alilitengeneza kwa mikebe miwili ya tomate iliyounganishwa, akaipaka masizi. Milango ya kuteleza iliteleza. Alipochonga, alitoa ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika, na Euphrasie hakutaka kumtazama, kwa maana aliona haya badala yake.

Ukimbizini walifika Mushaki, kwenye vilima vya Masisi, barabara ya kutoka Sake. Mkulima wa maharage, Mama Dorothée, aliwapa chumba cha nyuma. Wenzake Paul walitafuta vibarua vya kulima viazi. Paul alilima asubuhi, na mchana alikaa kando ya barabara kudharau magari ya mizigo.

"Gari moja, magunia mulima nzima, mbuzi juu, batu juu ya mbuzi," alisema, "na iko inalala mu matope. Treni ingepita hapa inacheka."

"Na treni yako iko wapi, Papa?" Mama Dorothée aliuliza kwa upole.

"Iko mu kitunga."

Jioni Mama Dorothée alimwita Euphrasie pembeni, akampa sufuria kuukuu yenye kiraka chini. "Kamata, dada yangu," alisema. "Pole. Kichwa yake ilianza lini?"

Euphrasie aliichukua. Hakusahau ule upole. Kuonewa huruma kwa sababu ya vita ni jambo la kawaida. Kuonewa huruma kwa sababu ya mume anayecheza na magari ya watoto, ni aibu isiyo na dawa. Hapo aliamua kwamba mtu wa Buleusa hataambiwa kamwe kilichokuwa ndani ya kitunga.

Lakini kuhusu sufuria hakuweza kunyamaza. Vita ilipotulia wakarudi nyumbani, sufuria haikuwapo, bila shaka, wala mlango, wala mabati mawili ya jikoni. Euphrasie aliisimulia mtoni, aliisimulia shambani, aliisimulia katika kikundi cha wanawake wa kanisa wakati wa kutoa ushuhuda. "Aliacha sufuria yangu ya sikio moja, akabeba kitunga chake!" Wanawake waliuliza kulikuwa nini ndani ya kitunga. Euphrasie alikunja midomo. "Mumuulize mwenyewe."

Sasa fikiri kama mtu wa Buleusa. Mwanaume anakimbia vita. Anaacha chungu cha watoto wake na kubeba kitunga. Akirudi anakining'iniza juu ya moto, kwenye mti wa paa, na kusema mtu asiguse. Kila Jumapili anafunga mlango na kupaka vitu mafuta. Mke wake hataki kuvitaja. Katika pori letu jibu liko moja. Ziko koo ambazo hata leo, licha ya ubatizo, zinatunza vitu vya wazee: vichongo vidogo vyeusi, vinavyolala ndani ya kitunga, vinavyopakwa mafuta, ambavyo mwanamke haruhusiwi kuviona, wala mwanaume ambaye hakuingizwa katika siri zao. Watu wakaanza kumwamkia Paul kwa adabu mpya. Vijana walizima pikipiki wakipita mbele ya nyumba yake.

Paul aliona yote na kuyadharau yote. Kumwonyesha kitunga mtu mmoja tu kungetosha, naye hakutaka. Shemasi Hilaire, mkubwa wa kanisa pale kijijini mchungaji akiwa safarini, alikwenda kumuuliza uso kwa uso.

"Papa Paul, batu banasema mu ile kitunga muko vitu."

"Muko vitu."

"Vitu gani?"

"Haiko vitu ya akili yako."

"Nionyeshe tu, nifunge mudomo ya batu."

"Shemasi, ulishaka kusikia filimbi ya treni?"

"Hapana."

"Basi rudi kwako."

Euphrasie alikuwa mlangoni akichambua maharage. "Si umuonyeshe?" alisema, Shemasi alipoondoka. Lakini alisema bila nguvu. Moyoni alipima: wakiona, watacheka mpaka wafe. Wakiogopa, angalau wanaamkia. Akarudi kwenye maharage yake, na Shemasi akaenda na jibu lake kifuani kama mwiba, akalitunza.

Kifua kilimwua Paul katika mvua za mwaka huu. Alikohoa, akalala, akakataa kubebwa mpaka hospitali kwa kipoyi, machela ya miti, kwa sababu, alisema, yeye si gunia. Solange alikuja kutoka Walikale alikoolewa, akamkuta bado anasema. Neno lake la mwisho lenye maana alimwambia Euphrasie: "Mama Solange, waimbe vizuri. Wale wa sauti ya juu wanakimbizaka wimbo." Hata kufa, alikufa akisahihisha kwaya. Bwana ndiye anayejua kwa nini aliwaumba watu wa namna hii na kuwapa wake wa namna ile.

Kilio kikaanza. Euphrasie aliketi juu ya mkeka kando ya maiti, nywele zimefumuliwa, kama inavyompasa mjane: asisimame, asipike, asijibu mpaka mume awekwe ardhini. Kitu kimoja tu alikingoja, wimbo na msalaba. Mtu yule alikuwa ameimba katika kanisa lile tangu kuta zake zilipokuwa za miti na udongo. Alikuwa mgumu, alikuwa mjinga wa sufuria, lakini alikuwa mtoto wa Mungu, na azikwe hivyo, watu wakisikia.

Shemasi Hilaire alifika na Biblia chini ya kwapa na mwiba wake kifuani. Hakuketi.

"Kanisa linaomboleza pamoja na nyinyi," alisema kwa Kiswahili cha mimbari. "Lakini kanisa haliwezi kuimba juu ya mtu wa mabwana wawili. Vitu vilivyo ndani ya kitunga vitolewe, vichomwe hapa, mbele ya wote. Na mjane atamke kwa kinywa chake kwamba vilikuwa vitu vya giza, na kwamba anavikataa. Kisha tutaimba."

Kabla sauti yake haijatua, Patient, mdogo wa marehemu, alisimama. Alikuwa amevaa kofia ya ngozi ya mnyama ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo.

"Hakuna kuchoma," alisema. "Ile vitu ni ya ukoo. Kaka amekufa, miye njo nabaki. Inaingia kwangu. Na kaka tutamuzika sisi wenyewe, mu pori, namna ya wazee. Kanisa irudie kwayo."

"Weye ulishaka kuingizwa lini?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Si ulikimbia ukiwa unalia?"

Watu walikohoa. Patient akarekebisha kofia.

Wakabishana hapo, Shemasi na Patient, juu ya maiti, mmoja akitaka moto na mwingine akitaka urithi, wala hakuna kati yao aliyewahi kuona hata gurudumu moja. Jua lilikuwa linapanda. Mvua ilikuwa imeacha joto zito, na maiti haingoji mabishano ya watu wazima. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kuchoma majani ya harufu. Euphrasie aliwatazama wanaume wale wawili kutoka chini. Kuyachoma yale mabehewa kusingemuuma. Kwa miaka mingi alitamani kuona yakichemsha maji, hata mara moja tu. Lakini kusema yalikuwa vitu vya giza! Kusimama mbele ya Mungu na kumsingizia marehemu, mtu aliyejua zaburi kwa kichwa, kwa sababu tu Shemasi alijibiwa vibaya siku moja!

Dawa aliijua. Ilikuwa moja tu. Awaonyeshe. Na wakiona, watacheka, kesho na kesho kutwa, mtoni na shambani, mpaka wajukuu: Papa Paul, ile sauti, ile mvi, kile kidevu, alikuwa anacheza na magari.

Euphrasie akasimama. Mjane hasimami; kilio kizima kikamgeukia.

"Solange," alisema, "shusha kitunga."

Solange alipanda juu ya kinu, akafungua kamba kwenye mti wa paa. Hapo watu walivurugika. Wanawake walijifunika vikwembe vichwani, mama mmoja akaingiza kichwa chini ya mkono wa jirani yake. "Wanawake muangalie chini!" Patient alipiga kelele, kisha akapiga goti na kupiga makofi ya heshima mbele ya kitunga. Shemasi aliinua Biblia kama mtu anayekinga mvua.

Euphrasie alitoa la kwanza, lile la milango ya kuteleza, akaliweka juu ya mkeka. Jeusi, likang'aa kwa mafuta yake ya kula.

"Ni nyumba," Patient alinong'ona. "Nyumba ya roho. Munaona mulango?"

"Ni sanduku la shetani," alisema Shemasi, lakini alisogea karibu.

Akatoa lile la mikebe ya tomate.

"Ngoma," alisema Patient.

"Ni vago!" Euphrasie alipasuka. "Vago, vichwa ya maboga nyinyi! Treni! Ya Kindu, ya muzigo, baba yake alikuwaka mule anafunga breki! Papa Solange alikuwa anachonga gari ya watoto. Mutu muzima. Njo siri yenyewe. Mucheke sasa!"

Hakuna aliyecheka. Hilo hakulitegemea. Watu walitazama vile vitu vyeusi kwa woga ule ule.

"Treni," Shemasi alisema polepole, mwenye mashaka kama mnunuzi. "Treni niliionaka mu video. Iko na mashini mbele. Hii, mashini yake iko wapi?"

Euphrasie akaligeuzageuza lile la mikebe mikononi.

"Mama Solange, nakuuliza. Gari isiyo na mashini, nani anaivutaka?"

"Roho," akajibu Patient, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile wanaume wale wawili walikubaliana.

Euphrasie alimgeukia marehemu chini ya shuka. Umeona? alimwambia kimoyomoyo. Mashini ni makelele, eh? Umeona sasa? Hata kipande cha mti chenye bomba juu hukuweza kuchonga kwa ajili yangu! Akaingiza mikono ndani ya kitunga kwa hasira na kutoa yaliyobaki bila kutazama, la magogo, la kibanda cha breki, na mwisho lile lililo wazi juu. Hilo lilikuwa zito. Akaliweka kwa kishindo, na kitu kikalia ndani yake kama kijiko.

Behewa lilikuwa limejaa mizigo. Vigunia vya ukubwa wa kidole gumba, vimeshonwa kwa kitambaa cha kikwembe chake cha zamani, vimefungwa shingo. Na katikati ya vigunia, imekazwa kwa uzi isianguke njiani, sufuria. Sufuria ndogo ya bati, imegongwagongwa mpaka ikawa ya mviringo, yenye mfuniko wake. Ilikuwa na sikio moja. Mahali pa sikio la pili paliachwa tundu dogo lililochongoka, kama lile lililomchana yeye kidole siku ya ubatizo.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Mama Mamy, jirani yao, aliyekuwa akichungulia kupitia tundu la kikwembe chake.

"Yesu wangu," alisema. "Ile sufuria!"

"Sufuria gani?"

"Ya Mama Solange! Ya sikio moja! Si njo ile alisahau mu vita! Angalia, ameibeba!"

Vikwembe vikashuka. Wanawake wakasogea, wakainama. Waliokuwa wameisikia hadithi ya sufuria mara kumi na mara ishirini, mtoni na kanisani, wakaiona imekaa ndani ya behewa, imefungwa vizuri, tayari kwa safari ile ya kukimbia ambayo mwanaume yule hakubeba sufuria. Mmoja akaguna. Mwingine akajishika mdomo. Kisha kicheko kikapanda kutoka kwa wanawake kama maji yanayochemka, kikawafikia wanaume, kikafika barabarani kwa vijana wa pikipiki ambao hawakujua kinachochekwa.

"Papa Paul! Alikuwa anajibu!"

"Miaka yote ile, Mama Solange anasema sufuria, sufuria, kumbe yeye anachonga!"

"Roho gani ya wazee inabebaka sufuria ya muke?" mzee wa nyuma alimuuliza Patient. Patient alivua kofia yake ya ngozi na kuikalia.

Solange alifunga kamba kwenye ndoana ya behewa la mbele, akaunganisha yote, akayavuta kuzunguka mkeka. Magurudumu yalilia kidogo yakizunguka miguu ya baba yake. Kicheko kikazidi, na machozi yalikuwa mengi ndani yake, kwa maana watu walikuwa wamekuja kulia na walikuwa wamezuiliwa tangu asubuhi. Kila jambo ambalo Euphrasie aliliogopa lilitokea. Walicheka kidevu kile, walicheka mvi zile. Aliwaacha. Aliketi tena juu ya mkeka, akaingia ndani ya kilio chake kama mtu anayeingia nyumbani.

"Sasa, Shemasi," alisema kutoka chini, uso umelowa. "Tukate kuni ya kuchoma sufuria yangu ao tuimbe?"

Shemasi Hilaire alitazama Biblia yake. Ametoka familia nzuri, na kuna siku anajua kushindwa. Akaanzisha wimbo. Aliuanzisha juu mno, wanawake wakaukimbiza, na hapakuwa na sauti nzito ya kuurudisha chini. Kila mtu alisikia pengo lile. Walimzika Paul na msalaba, kwa wimbo unaokimbia, kama alivyosema.

Waliporudi kutoka kaburini na kunawa mikono mlangoni, Shemasi hakuondoka. Alizunguka mkeka. Mwishowe alipiga magoti na suruali yake nzuri, akainamisha shavu mpaka chini, akachungulia ndani ya kibanda cha breki.

"Mama Solange, hii mulango inafungukaka?"

"Inafunguka."

"Na huyu mufunga breki alikuwa anaketi hapa? Peke yake?" Akanyoosha kidole.

"Usiguse."

Solange aliinua kichwa. Ilikuwa sauti ya mama yake, lakini maneno na ubaridi vilikuwa vya baba mtupu. Shemasi akarudisha kidole, akaaga kwa adabu.

Euphrasie aliyafuta mabehewa moja moja, akayapanga ndani ya kitunga, akamwambia Solange akirudishe juu ya mti wa paa. Ile sufuria ndogo hakuirudisha. Kama Paul aliitengeneza ili kumwomba msamaha, au kumcheka, au kumnyamazisha, hakuacha neno; alifanya kama alivyofanya kila kitu, akangoja watu wajinga waelewe wenyewe. Euphrasie aliikata uzi, akaizungusha mbele ya macho. Haikutosha kupikia panya. Akaifunga kwenye pembe ya kikwembe, pale alipofunga unga siku ile ya kukimbia.

"Mama, unaiweka?" Solange aliuliza.

"Naiweka namna gani?" alisema Euphrasie. "Sufuria ni yangu."